Mkia wa Gari Ukichomoka

Tuanzie Kigobe, hapa Bujumbura, barabara za karibu na jumba la Bunge. Mvua imenyesha, lami inateleza. Dereva anaingia kona kwa kasi, anashtuka, anaachia mafuta ghafla. Papo hapo uzito wa gari unahamia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na mkia unachomoka nje ya kona.

Magari ya michezo yenye injini katikati, nyuma ya viti, hugeuka upesi sana, kwa kuwa uzito wake umekusanyika katikati. Toyota MR2 ya kizazi cha pili, iliyotoka 1989, ilijulikana kwa mkia wake kuchomoka ghafla hivyo, hata Toyota wakaja kurekebisha saspensheni na tairi zake.

Usiseme, "Mimi sina gari la michezo." Hiace iliyojaa mizigo nyuma, tena yenye tairi vipara, inaweza kukugeuka vivyo hivyo ukiteremka kutoka mlimani Bugarama.

Ufanye nini? Punguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Ndani ya kona, shika mafuta kwa utulivu. Mkia ukichomoka kulia, zungusha usukani kulia. Usikanyage breki kwa pupa. Tazama unakotaka kwenda. Tairi zikishika tena, nyoosha usukani mara moja, la sivyo mkia utarukia upande wa pili.

Na ukinunua tairi mbili tu mpya, zifungwe nyuma.