Meli iliyozamishwa, ikarudi kazini



Wengi wetu tunaijua Liemba kwa macho. Mwaka 1997, kisha Mobutu kuanguka, ilipakia wakimbizi Kigoma na kuwarudisha Uvira. Lakini munajua ilianza namna gani?

Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913. Wakaifungua vipande vipande, wakaitia ndani ya makasha 5,000 hivi, ikafika Dar es Salaam, halafu kwa treni mpaka Kigoma. Mwaka 1915 ikaingia ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa meli ya vita: ilibeba mizigo na askari, na mizinga juu yake.

Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine mafuta mazito ili kutu isizile. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikatembea tena kwa mashine zile zile, jina jipya.

Juu ya nini ninawaambia hii? Juu wako wenye kusema tugawane pesa yote ya sanduku letu, kila mtu aende na yake. Mabati yanahitajika, ninajua. Lakini wenzetu wangali kambini ng'ambo, na watafika mikono mitupu kama vile tulivyofika sisi. Tutoe ya mabati, tubakize ya kuwapokea. Hiyo ndiyo mafuta ya mashine yetu. Wale mafundi hawakujua nani atapanda meli ile kesho.