SOMO LA KUMI NA NANE: MWENYE KUUA, NAYE AUAWE?



Katika somo lililopita tulieleza amri ya tano ya Mungu, inayotukataza kuua. Leo tunajibu ulizo gumu ambalo mnatuuliza mara nyingi baada ya Misa na katika mikutano ya shirika: Je, mtu aliyeua, serikali ikimwua, yafaa Mkristu afurahi na kusema Amina?

Ulizo hili si la zamani. Tangu mwaka 2003 nchi yetu ilikuwa imeacha kutekeleza hukumu za kifo. Mahakama ziliendelea kuzitamka, lakini waliohukumiwa walibaki gerezani. Tarehe 13 Machi 2024 Waziri wa Sheria alitoa waraka wa kuondoa kizuizi hicho. Sababu zilizotajwa ni mbili: usaliti katika jeshi wakati wa vita ya mashariki, na majambazi wanaoua raia mijini. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mahakama ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25 walioshtakiwa kwamba walikimbia mbele ya adui. Wako waliosema: Hatimaye haki imekuja.

Ndugu wapenzi, hatudharau machozi yaliyo nyuma ya neno hilo. Katika nchi yetu ya Kivu ni nani asiye na kaburi la kulilia? Tarehe 24 Agosti 1998, huko Kasika upande wa Mwenga, watu wengi mno waliuawa, na pamoja nao padri na masista wa misioni. Anayetaka kumhubiria mjane wa Kasika juu ya huruma, na alie naye kwanza. Asipoweza kulia naye, heri anyamaze. Kutamani haki si dhambi. Ulizo letu ni hili tu: Je, haki hiyo yapatikana kwa kuua tena?

Tusikilize kwanza Neno la Mungu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, twasoma habari za Kaini aliyemwua ndugu yake shambani. Mungu hakunyamaza. Alimwuliza, alimhukumu, akamfukuza katika ardhi ile aliyoinywesha damu. Hiyo ilikuwa adhabu kweli kweli. Lakini Kaini alipoogopa kwamba yeyote atakayemkuta atamwua, Mungu alimtia alama ili mtu asimguse. Damu ya Abeli ilikuwa na thamani kubwa machoni pa Mungu. Hata hivyo hakuilipia kwa damu ya Kaini.

Mtasema: Lakini Sheria ya Musa iliagiza kifo. Ni kweli. Iliagiza kifo kwa mwuaji, na tena kwa mwenye kuvunja Sabato, na kwa mwana mkaidi asiyewatii wazazi wake. Ni mzazi gani kati yetu angemtoa leo mwanawe apigwe mawe kwa ukaidi? Mungu aliwalea watu wake polepole, kama mama amleavyo mtoto. Kwanza aliwawekea kipimo, ili jicho moja lisidaiwe kwa kichwa kizima. Kisha alimtuma Mwanawe, naye akatufundisha kuacha kisasi kabisa. Walipomletea mwanamke aliyestahili kifo kwa Sheria, Yesu hakusema kwamba dhambi si kitu. Aliwataka wasio na dhambi waanze kutupa mawe, na mawe yote yakabaki chini.

Tena tusisahau jambo hili: Mwokozi wetu mwenyewe aliuawa kwa hukumu. Palikuwa na mashtaka, palikuwa na mashahidi, palikuwa na mtawala aliyenawa mikono, na umati uliopiga kelele. Kila mara tupigapo magoti mbele ya msalaba, twapiga magoti mbele ya mtu aliyehukumiwa kifo. Na mtu wa kwanza ambaye Yesu alimwahidi paradiso ni mhalifu aliyetundikwa kando yake. Mhalifu huyo alitubu katika saa ya mwisho. Je, ni nani kati yetu awezaye kuipima saa ya toba ya mwenzake?

Sasa, Kanisa lafundisha nini? Hapa yafaa tuseme ukweli wote, maana wazee wetu waliobatizwa zamani walifundishwa kwamba mtawala ana ruhusa ya kumwua mhalifu mkubwa, kwa kuwa Mtume Paulo, katika barua yake kwa Waroma, ataja upanga wa mtawala. Ndivyo ilivyofundishwa kwa karne nyingi. Hata Mapapa, walipokuwa watawala wa nchi kule Italia, walikuwa na mahakama zilizotoa hukumu ya kifo. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo haikuiondoa adhabu hiyo katika makosa mazito sana.

Lakini Kanisa halikukoma kulitafakari Neno la Mungu. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita aliiondoa adhabu ya kifo katika nchi ya Vatikano. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya Injili ya Uhai, alifundisha kwamba siku hizi ni vigumu mno kupata jambo linaloidai adhabu hiyo, kwa kuwa serikali zina njia nyingine za kuwalinda watu. Na mwezi wa Agosti 2018 Papa Fransisko aliagiza namba 2267 ya Katekisimu iandikwe upya. Sasa yasema wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu yavunja heshima ya binadamu, na kwamba Kanisa lajibidiisha ili ikomeshwe duniani kote.

Msiseme kwamba Kanisa limegeuka kama kinyonga. Mbegu ya mhindi haifanani na mhindi uliokomaa, lakini ni mmea mmoja. Kanisa lilijua tangu mwanzo kwamba mtu ni mfano wa Mungu. Sasa limeona wazi zaidi kwamba mwuaji naye, hata akiwa na damu mikononi, hajaupoteza mfano huo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, nayo yakiri kwamba binadamu ni mtakatifu, na kwamba serikali yapaswa kumheshimu na kumlinda.

Liko pingamizi moja ambalo halina budi kujibiwa, kwa maana ni la watu wenye akili. Mwasema: Magereza yetu ni dhaifu. Mwezi wa Februari 2025 wafungwa wa Bukavu walitoka nje wakati wa vita. Mwuaji akitoroka, atarudi kijijini kuua tena. Basi si afadhali auawe?

Tunajibu hivi. Mahali ambapo mlango wa gereza ni dhaifu, meza ya hakimu nayo ni dhaifu. Shahidi aweza kununuliwa, wakili aweza kukosekana, faili laweza kupotea, na maskini aweza kubebeshwa kosa la tajiri. Mfungwa aliyetoroka aweza kutafutwa tena. Lakini aliyeuawa bila hatia, nani atamrudisha? Maji yakimwagika hayazoleki.

Historia ya nchi yetu yatufundisha hayo. Tarehe 2 Juni 1966, katika juma la Pentekoste, Waziri Mkuu wa zamani Évariste Kimba na wenzake watatu walinyongwa hadharani mjini Kinshasa, mbele ya umati mkubwa, wakiitwa wasaliti. Leo uwanja mkubwa wa michezo wa mji ule waitwa Uwanja wa Mashahidi, kwa kuwakumbuka watu hao. Nchi iliyowanyonga kama wasaliti imekuja kuwaita mashahidi! Lakini jina juu ya ukuta halikuwarudishia watoto wao baba. Tena, Kanali Eddy Kapend alihukumiwa kifo mwaka 2003 katika kesi ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila. Yeye alizidi kukana kosa hilo. Hakuuawa, na mwezi wa Januari 2021 alitoka gerezani kwa msamaha wa Rais wa Jamhuri. Tofauti kati ya watu hawa ni kwamba kwa mmoja mlango ulibaki, na kwa wengine ulifungwa milele.

Tutazame na jirani zetu. Hatusemi haya kwa kusifu serikali yoyote, maana majeraha ya vita bado yauma. Rwanda, baada ya mauaji ya mwaka 1994, iliwaua watu 22 hadharani mwezi wa Aprili 1998. Lakini mwaka 2007 iliifuta adhabu ya kifo katika sheria zake. Burundi nayo iliifuta mwaka 2009. Basi hata mahali ambapo damu ilimwagika kama mto, sheria yaweza kukaa bila kuua.

Lakini mtu asidhani kwamba kusamehe ni kumfungulia mwovu mlango. Msamaha hauzuii adhabu. Mwaka 1902, kule Italia, kijana Alessandro Serenelli alimchoma kwa chuma mtoto Maria Goretti, ambaye hajatimiza miaka 12. Kabla ya kufa, Maria alimsamehe. Hata hivyo hakimu alimfunga kijana huyo miaka 30, naye akakaa gerezani miaka 27. Nchi ile ilikuwa imeiondoa adhabu ya kifo katika sheria zake za raia. Kwa hiyo Alessandro alipata nafasi ya kutubu, akatoka, akamwomba msamaha mama wa Maria, naye akampa. Alimaliza siku zake akiwatumikia Wakapuchini, akafa mwaka 1970. Kama angaliuawa, nani angaliyaona matunda hayo ya sala ya mtoto yule?

Nasi tunaye wa kwetu. Mwenye heri Anuarite aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye akamwambia mwuaji wake kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, naye alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Kanisa lote.

Wakristu wapenzi, tumesema juu ya mahakama. Sasa tuseme juu ya mikono yetu wenyewe, maana adhabu ya kifo haitolewi na mahakimu peke yao. Mtu akipaza sauti sokoni, Mwizi! Mwizi!, watu hukimbia na mawe, na mafuta, na magurudumu ya gari. Katika nusu saa mtu amekuwa majivu, na hakuna aliyemwuliza jina. Mahali pengine mwanamke mzee huitwa mchawi, kwa sababu mtoto wa jirani ameugua, naye huchomwa ndani ya nyumba yake. Wenye kutenda hayo huwamo hata waliobatizwa, waliopokea Ekaristi Jumapili iliyotangulia. Hiyo ni hukumu ya kifo isiyo na hakimu, isiyo na shahidi, isiyo na mtetezi. Ni dhambi kubwa ya kuua, nayo ni ya kila aliyerusha jiwe, na ya kila aliyeleta kiberiti, na ya kila aliyechochea kwa maneno. Tutaiambiaje serikali isiue, ikiwa sisi wenyewe twaua njiani?

Basi tufanye nini? Kwanza, usikiapo kelele hizo, usishike jiwe. Mwite mkuu wa kijiji, mwite padri au katekista, tena msiende mmoja mmoja bali wengi pamoja, mkamzunguke mshtakiwa mpaka akabidhiwe kwa wenye sheria. Pili, ukiwa shahidi, sema kweli mbele ya hakimu, hata kwa ajili ya adui yako. Tatu, msiwaache wajane na yatima wa waliouawa. Walimieni shamba, walipieni watoto wao shule. Huruma kwa mhalifu isiyowakumbuka walioumizwa ni huruma ya nusu. Nne, waombeeni walio gerezani, na watembeleeni.

Tarehe 1 Februari 2023 watu kutoka mashariki ya nchi yetu, na wa Bukavu wakiwamo, walikutana na Papa Fransisko mjini Kinshasa. Walisimulia mateso yao bila kuficha neno. Kisha waliweka chini ya msalaba panga na vyombo vingine mfano wa vile vilivyotumika kuwaumiza na kuwaua wapenzi wao, wakatamka kwamba wanasamehe. Hawakusema kwamba yaliyotendeka si kitu, wala hawakuacha kudai haki. Waliweka panga chini mahali pa kuliinua. Ndugu, hilo ndilo fundisho la leo.

MAULIZO NA MAJIBU YA KUJIFUNZA

Ni nani aliye Bwana wa uhai wa mtu? Ni Mungu peke yake.

Je, mwuaji yafaa aadhibiwe? Ndiyo, yafaa azuiwe na aadhibiwe kwa haki, ili watu walindwe naye apate kutubu.

Kanisa lasema nini leo juu ya adhabu ya kifo? Lasema kwamba haikubaliki, kwa sababu yavunja heshima ya binadamu.

Je, Mkristu aweza kushiriki katika kumpiga au kumchoma mwizi au mwenye kuitwa mchawi? Hapana, ni dhambi kubwa ya kuua.

Je, kusamehe ni kuacha haki? Hapana, ni kuacha kisasi.

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyehukumiwa kifo bila hatia, wapumzishe ndugu zetu waliouawa, wafute machozi waliobaki, wageuze mioyo waliomwaga damu, na utufundishe sisi kuweka jiwe chini. Amina.