Kuziweka Kwenye Menyu Programu Zisizosakinishwa: Mada kwa Walimu wa Maabara za Kompyuta

Mada yangu inahusu programu za Linux za muundo wa AppImage. Mradi huu aliuanzisha Simon Peter mwaka 2004 kwa jina la klik. Programu nzima, pamoja na vitu vingi inavyovitegemea, hukaa ndani ya faili moja: unalipakua, unalipa ruhusa ya kuendeshwa, unalibofya, linafunguka. Krita ya kuchora na Kdenlive ya kuhariri video hupatikana hivyo. Kwa shule yenye intaneti ya kusuasua, faili moja linaloingia kwenye flashi ni msaada mkubwa.

Tatizo ni kwamba AppImage haijiingizi yenyewe kwenye menyu. Mwanafunzi akiitafuta asiione, kwake programu hiyo haipo, hata kama tumeipakua kwa gharama ya bando letu.

Dawa ni faili dogo la maandishi ambalo jina lake huishia na .desktop. Linaanza na [Desktop Entry], kisha Type=Application, halafu mistari ya Name, Exec na Icon. Exec ndio unaosumbua wengi. Unataka anwani kamili ya programu, mfano /opt/programu/krita.AppImage. Alama ya ~ tuliyoizoea kwenye dirisha la amri haitambuliki hapa. Kwa hiyo chagueni kwanza mahali pa kudumu, ndipo muandike. Programu iliyoachwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa itafutwa siku mtu akifanya usafi. Ondoeni pia namba ya toleo kwenye jina la faili, ili toleo jipya likija lichukue nafasi ya la zamani kwa jina lilelile na menyu isiharibike.

Faili la .desktop la mtumiaji mmoja hukaa ~/.local/share/applications. Maabara yenye akaunti nyingi itumie /usr/local/share/applications, na kila mwanafunzi ataiona programu. Sipendekezi kuweka ikoni mezani pa kompyuta, maana kwenye Ubuntu kila akaunti italazimika kuiruhusu upya.

Programu ikikataa kufunguka, iendesheni kwanza kwenye dirisha la amri. Tangu Ubuntu 22.04, AppImage nyingi hukwama kwa sababu maktaba ya libfuse2 haiji na mfumo, na hapo faili lenu la .desktop halina kosa.

Kwenye faili hilo la .desktop upo mstari mmoja ambao mafundi wengi huuruka: Keywords. Andikeni Keywords=kuchora;rangi;picha; na mtoto akichapa "kuchora" kwenye kisanduku cha kutafutia cha GNOME ataletewa Krita, hata kama kompyuta yenyewe iko kwa Kiingereza. Na kwenye kompyuta iliyowekewa Kiswahili, mstari wa Name[sw] utaonyesha jina mlilolichagua ninyi. Nawaomba, ndugu walimu, mkirudi shuleni msiache mistari hii miwili. Haihitaji fedha wala intaneti, na hakuna atakayewaandikia wanafunzi wenu maneno hayo isipokuwa ninyi.