Watu Walioshuka Gare



Ukitaka kuwafurahisha wazee wa Lubumbashi, taja treni. Inatosha mtu mmoja aseme Kamina au Kabalo, na hapo maongezi hayana mwisho. Watakuambia juu ya ndakala za Kalemie zilizofika zikinuka vagoni nzima, mawese ya Kongolo, kuku waliofungwa miguu na kupitishwa dirishani, mama wenye mabeseni waliokimbia kando ya reli wakidai pesa yao kabla treni haijaondoka. Watakuambia pia kwamba treni ilifika kwa saa yake. Kwa jambo hilo la mwisho tunawaachia wenyewe!

Hatuwacheki. Mji huu ni mtoto wa treni. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitoka kusini kwa njia ya Sakania, na mwaka uleule mji ukaanza kujengwa, ukaitwa Élisabethville. Mwaka 1918 reli ikafika Bukama, na mwaka 1928 ikafika Ilebo, ambako iliitwa Port-Francqui. Upande wa ziwa, njia ya Kabalo mpaka Kalemie ilikuwa tayari mwaka 1915, na ng'ambo ya maji, pale Kigoma, kulikuwa na reli nyingine iliyotoka Dar es Salaam tangu mwaka 1914. Lakini mtu wa Kalemie hakuweza kufika kwetu kwa treni tu. Alishuka Kabalo, akapanda mashua juu ya Lualaba mpaka Bukama, kisha akaingia tena katika treni. Mpaka mwaka 1956, reli ya Kamina na Kabalo ilipounganishwa.

Sasa, ni nani waliokuwa ndani ya vagoni zile? Mgodi ulihitaji mikono. Union Minière ilitafuta wafanyakazi Rhodesia, ikatafuta Lomami, Kasai na Maniema, na tangu mwaka 1925 ikaenda mpaka Ruanda-Urundi. Walishuka hapa na kikwembe kimoja na sufuria, hawajuani kwa lugha, wakaanza kusemezana kwa Kiswahili hiki tunachotumia kuomba na kukemea watoto. Keti na familia yoyote ya Kamalondo au ya Kenya, uliza vizuri. Utakuta babu aliyeshuka gare.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli wanalia jangwani kwa sababu ya samaki na matango ya Misri. Vitunguu wanavikumbuka, hata vitunguu saumu. Tofali hawazitaji, wala fimbo ya msimamizi. Mambo hayo waliyoyataja hayakuwa uongo, matango yalikuwepo kweli. Ila walichagua.

Na sisi tunachagua. Wakati wa mkoloni Mzungu alikuwa na vagoni yake yenye viti vya kulalia, na baba zetu walikaa mahali pao, juu ya mbao. Hilo wazee wengine wanalisema, tena kwa kicheko. Lakini kuna jambo moja ambalo katika maongezi ya treni tunaliruka, karibu kila mara, na leo tunataka kusimama hapo.

Mwaka 1992, mwezi wa nane na wa tisa, kule Likasi, majirani waliwafukuza majirani. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu wenye asili ya Kasai, na wengi wao walizaliwa Katanga, hawajaiona Kasai hata siku moja, waliambiwa warudi kwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walikimbilia wapi? Kwenye gare. Walilala juu ya saruji na kando ya reli, maelfu kwa maelfu, wakingojea treni. Si usiku mmoja. Wengine walingoja miezi. Njaa na magonjwa vilichukua watoto kwanza, kama kawaida. Treni ilipokuja iliwabeba mpaka Mwene-Ditu na Kananga, na wengine walikufa njiani. Reli ileile iliyomleta babu ndiyo iliyomwondoa mjukuu.

Sisi tulio na miaka arobaini na kidogo tulikuwa watoto wakati huo. Tulisikia wakubwa wakisema, tukaona nyumba zikibadilika wenyeji kwa juma moja. Leo katika makanisa yetu wanaketi pamoja, kwenye benchi moja, aliyelala kwenye gare na mwana wa yule aliyechukua nyumba. Wanashikana mikono wakati wa salamu. Hawajawahi kuzungumza. Na mzee mmoja anaposimama kusifu treni ya zamani, mama fulani anaangalia chini, na hakuna anayemwuliza kwa nini.

Mnajua kwa nini tunasema haya sasa. Treni za abiria zimekuwa chache, na maskini anapanda juu ya treni za mizigo. Mwezi wa tatu mwaka 2022, kule Buyofwe katika Lualaba, treni ya namna hiyo ilitoka relini na watu zaidi ya 60 wakafa. Hata hivyo watu wanapanda, kwa sababu kwao hakuna kazi. Vijana wa Kasai wanashuka tena Kolwezi na Lubumbashi, na mfuko mmoja, kama babu zetu. Na yale maneno ya mwaka 1992 tumeyasikia tena, sokoni, ndani ya teksi, na, tuseme ukweli, mlangoni pa kanisa baada ya ibada. "Wamekuwa wengi." "Warudi na treni iliyowaleta." Mtu anayesema hivyo, babu yake alikuja kwa miguu?

Kwa hiyo tumeamua jambo moja, na wazee wa kanisa wamekubali. Jumatano, baada ya maombi ya jioni, tutaketi kuzungumza juu ya treni. Mwenye kitabu cha kazi cha babu, au tiketi ya zamani, au picha ya gare, aje nayo. Wenye habari za ndakala na mawese watasema, tutacheka. Lakini mama zetu waliolala Likasi na Kolwezi watapewa nafasi ya kwanza, kama wanataka kusema, na hakuna atakayewakatiza kwa wimbo wala kwa amina. Asiyetaka kusema aje akae tu. Vijana waliofika mwaka huu waje pia. Viti vitakuwepo, na chai, na mikate kama mama wa kanisa watapata unga.