Mtungi Upi kwa Mzamiaji?



Leo nazungumzia mitungi ya chuma ambayo wazamiaji hubeba mgongoni wapate hewa wakiwa majini. Najua wapo waliokwisha kucheka. Hapa Mkonze ninakoishi, Dodoma hii ya zabibu na vumbi, mzamiaji wa nini?

Jambo hili linatuhusu. Tuna Bwawa la Hombolo, na ukishika barabara ya Iringa unafika Mtera. Tena Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, na maofisa wanaopanga fedha za vifaa vya uokoaji ni majirani zetu. Mwezi Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikapoteza mamia ya watu, na wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini wakaja kusaidia kutafuta miili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Sasa tuje kwenye mitungi. Hewa iliyoshindiliwa hupimwa kwa baa, na sisemi ile ya kunywea pombe. Gurudumu la gari dogo huwa na baa mbili hivi. Mtungi wa chuma wa mgandamizo mdogo hujazwa kiasi cha baa 180, na ule wa mgandamizo mkubwa baa 232 au zaidi. Ili kubeba hewa ileile, wa mgandamizo mdogo lazima uwe mnene zaidi.

Tuchukue mfano. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 232 unatoa hewa kama lita 2,780. Mtungi wa lita 15 uliojazwa baa 180 unatoa lita 2,700. Wanakaribiana sana, na huo wa kwanza ni mwembamba na rahisi kubeba. Ukiwa dukani utauchukua huo.

Lakini, ndugu zangu, mtungi haujijazi wenyewe. Hujazwa na kompresa. Tuseme kompresa iliyopo wilayani imechoka, inafika baa 180 tu. Ule mtungi wa kisasa utatoka na lita 2,160, na ule mnene utatoka na lita zake 2,700 zote.

Kwa mtu aliye chini, tofauti hiyo ni dakika. Mzamiaji anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, akifika kina cha mita 20 anatumia kama 60, kwa sababu uzito wa maji unaibana hewa. Akibakiza baa 50 za akiba ya kurudi, kama inavyompasa, mtungi wa kisasa uliojaa nusunusu utampa dakika 26. Ule mnene utampa 32. Dakika sita zatosha kumfikia mtu aliyenaswa.

Wapo watakaosema: basi tuushindilie huo wa mgandamizo mdogo hadi baa 232. Hapana! Kila mtungi umepigwa chapa shingoni ya kiwango chake. Kuzidisha ni kuuchosha chuma, na mtungi ukipasuka huua anayejaza na aliye jirani.

Ushauri wangu ni huu. Penye kompresa nzuri yenye fundi na vipuri, nunueni mitungi ya mgandamizo mkubwa, maana mzamiaji atabeba kitu chepesi kushika. Penye kompresa dhaifu, nunueni minene ya mgandamizo mdogo, msione haya kwamba ni ya mtindo wa zamani. Na yote miwili ni chuma: unyevu ukiingia ndani huota kutu. Kwa hiyo ikaguliwe ndani kila mwaka na ipimwe kwa maji baada ya miaka kadhaa, kwa kanuni za mtengenezaji.

Mfugaji wa hapa Ugogo hanunui ng'ombe kabla hajajua atamnywesha wapi. Nasi, kabla ya kutia saini hati ya kununua mitungi, tuulize kwanza: kompresa iko wapi, na inafika baa ngapi?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.