Kushiba na Kujengeka
Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na majirani katika sherehe ya kumbukumbu ya hekalu



Tumeombwa kusema machache kabla ya chakula. Sisi si madaktari. Elimu yetu iliishia sekondari, na sehemu kubwa ya maisha yetu tumekaa nyuma ya mizani, tukinunua muhogo mkavu, korosho na mbaazi, tukiuza mchele, chumvi na sukari. Lakini mwenye mizani huona chakula kikiingia na kikitoka, na liko jambo tuliloliona ambalo si haki kulinyamazia.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alitujia kutoka upande wa Kisarawe na madebe mawili ya mbaazi. Tulimpimia, tukamlipa, naye akanunua kwetu sukari na majani ya chai. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka miwili hivi, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, hacheki wala hachezi. Tukamwuliza, "Mama, mtoto huyu anakula nini?" Akajibu, "Anakula vizuri, baba. Uji wa muhogo asubuhi na jioni, na anashiba."

Tulimsihi ampeleke hospitali, akampeleka. Huko aliambiwa kwamba mtoto ana utapiamlo: tumbo linajaa, mwili haujengeki. Akafundishwa kumchanganyia vyakula, na cha kwanza kutajwa kilikuwa mbaazi. Mtoto alipona, twashukuru. Ila mbaazi zile tulikuwa tumekwisha kuzishona katika gunia, tayari kwa safari.

Sote twajua kwamba Kibaha ilipata mradi wa nchi za Nordic mwaka 1963, uliokabidhiwa kwa taifa mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Siku ile tulitambua kwamba ujinga haukuwa wa mama yule peke yake. Ulikuwa wetu pia, tena sisi tulikuwa na daftari na kalamu. Basi tukaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Tukitafuna muhogo, kazi huanza kinywani. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Ndiyo sababu kipande kikitafunwa kwa utulivu huzidi utamu. Ndani ya mfuko wa tumbo, asidi na kimeng'enya kingine huanza kuvunja protini. Kisha chakula huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Hapo kongosho huleta vimeng'enya vyake, na nyongo itokayo kwenye ini hutawanya mafuta. Kuta za utumbo hufyonza kilichovunjwa na kukikabidhi kwa damu. Utumbo mpana hufyonza maji, na nyuzinyuzi za mboga na kunde husaidia mabaki kutoka bila taabu.

Wanga hutupa nguvu. Protini ndiyo matofali ya mwili. Yako matofali 9 ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujifyatulia. Lazima yatoke katika chakula. Gramu 100 za muhogo mbichi hazina hata gramu 2 za protini, lakini gramu 100 za mbaazi kavu zina gramu 20 hivi. Tena, tofali linalopungua katika mchele na mahindi limejaa katika kunde, na linalopungua katika kunde limo katika nafaka. Bibi zetu wa Gujarati walipika wali na dali. Bibi wa Kizaramo walipika wali na mbaazi za nazi. Hawakukutana kushauriana, lakini vyungu vyao vilikubaliana.

Muhogo mchungu una jambo la ziada. Una sumu inayopaswa kutolewa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika vizuri. Sumu kidogo inayobaki, mwili huiondoa kwa msaada wa salfa itokayo katika protini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wilayani Tarime walikula muhogo ulioharakishwa, huku vyakula vya protini vikiwa haba. Baadhi yao walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao hauponi. Muhogo si adui yetu. Tusiuache peke yake tu.

Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi kutoka nje, bei ilianguka nchini mwetu. Wakulima walilia kwamba mbaazi hazina soko, na sisi wafanyabiashara tulilia pamoja nao. Wakati huohuo, si mbali na maghala, watoto walikuwa wakinywa uji mtupu.

Basi tuyashike machache. Kila chungu cha muhogo, ugali au wali kipate mwenziwe wa kunde. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa. Baada ya chakula tule chungwa au embe, kwani husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai huyazuia, kwa hiyo ingoje saa moja. Sisi tusiokula nyama tusiache maziwa na mtindi, kwa maana vitamini B12 haimo katika mimea. Na sukari tuipunguze. Twasema hivyo sisi tulioiuza, na ambao leo twapima sukari ya damu kila asubuhi.

Katika mila yetu, kumlisha mtu ni ibada. Lakini haifai kulisha siku ya sherehe na kukomba ghala la jirani siku nyingine zote. Kwa hiyo mbele yenu twatoa ahadi: mtu yeyote atakayetuletea mbaazi, kabla ya kuziweka katika mizani tutamwuliza, "Umebakiza ngapi nyumbani?" Akijibu kwamba hakubakiza, tutampimia kwanza za watoto wake, arudi nazo.

Chakula cha leo wamekipika akina mama wa hekalu pamoja na majirani: muhogo, mbaazi za nazi, kisamvu na machungwa. Karibuni tule.