Manjano, Taa ya Noti na Skrini ya Simu

Mpelekee fundi wa simu pale sokoni Navakholo simu iliyopasuka, atakuuliza kwanza kama unataka skrini ya kawaida au OLED. Ukitajiwa bei ya OLED, unanyamaza. Skrini hiyo haina taa nyuma yake. Kila kinukta hung'aa chenyewe umeme ukipita. Mkorofi ni buluu. Mwanga wake una nishati nyingi kiasi cha kuvunja molekuli zilezile zinazoutoa, ndiyo maana huchoka mapema kuliko nyekundu na kijani.

Mwaka 2016 Takuji Hatakeyama na wenzake wa Japani walionyesha molekuli yenye boroni na nitrojeni inayotoa buluu safi. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Wajerumani Alfred Treibs na Franz-Heinrich Kreuzer walikuwa wametoa rangi za boroni ambazo leo huitwa BODIPY. Watafiti huzitumia kutia alama ndani ya seli, kwa mfano matone ya mafuta, yaonekane kwa hadubini.

Mtasema hayo ni ya Wajapani na Wajerumani. Haya, nendeni dukani mkanunue manjano. Koroga kidogo kwenye spiriti, acha itulie, funga madirisha giza liingie, kisha mulika kwa ile taa ya zambarau anayokagulia noti wakala wa M-Pesa. Kioevu kitang'aa kijani cha njano. Hiyo ni kurkumini, na ina oksijeni mbili zilizokaa mkao wa kushika boroni. Karatasi iliyotiwa manjano ikipata asidi ya boriki na tone la asidi ya hidrokloriki, ikikauka hugeuka nyekundu ya kahawia. Ni kipimo cha zamani cha boroni. Na mwaka 2018 molekuli ya ukoo wa kurkumini, iliyofungwa na boroni, ilitumika kwenye diodi zinazotoa mwanga wa mpakani mwa infraredi.

Basi mbona watoto wetu hawalioni hili? STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, inaimbwa kila baraza, ila maabara nyingi hufunguliwa mtihani ukikaribia. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapo Kakamega mjini. Walimu wa kemia, waalikeni wanafunzi wake waje shuleni Ijumaa moja alasiri wafanye majaribio haya na watoto. Asidi zishikwe na mwalimu mwenyewe, spiriti ikae mbali na moto, na taa ya zambarau asimulikwe nayo mtu machoni.